Alijuaje Mambo ya Jikoni Kwetu?

Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo sikuwa mtu wa kwenda kutazama michezo ya kuigiza. Nilienda kwa sababu ya goti la Mwalimu. Mwalimu ni mama mstaafu ninayemfanyia kazi ya nyumba huku Lavington, na Jumamosi hiyo alitaka mkono wa kushikilia kwenye ngazi za ukumbi, kule mjini.

"Mimi nitakungoja nje," nikamwambia.

"Nje ufanye nini? Uhesabu magari? Ingia."

Akanieleza kuwa mchezo wenyewe uliandikwa na mzungu aliyekufa zamani, hata babu yangu hajazaliwa, na watu wameutia Kiswahili. Nikajitayarisha kusinzia.

Pazia likafunguka, nikaona msiba. Mzee amekufa. Kijana wake mkubwa anamshika dada yake bega, vizuri kabisa, anamwambia wageni ni wengi na jikoni hakuna mtu wa kuaminika, tafadhali asimamie chakula. Dada anafunga aproni, tena anafurahi! Mwanamke mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Usiende, we! Usitoke hapo!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mimi nilienda.

Baba alipokufa, kwetu Uthiru, ndugu yangu mkubwa aliniambia, "Dada, hakuna mtu hupika kama wewe." Nikavimba kichwa. Wengine wakirusha mchanga kaburini, mimi nilikuwa nageuza wali. Kijitabu cha mazishi nilikiona watu wakiwa wameshakwenda: watoto wa marehemu wameandikwa wanne. Sisi ni watano. "Ni makosa ya mchapaji," ndugu yangu akasema. Baadaye kijitabu hicho hicho kikapelekwa kwa chifu kuonyesha nani ni mtoto na nani siye. Chifu, aliyekula wali wangu sahani mbili, akauliza ni nani aliyeniona nikirusha mchanga. Hakuna. Nikatolewa kwenye chumba nilichojengewa na baba yangu mwenyewe. Wenye makosa nawataja hapa: ndugu yangu, chifu, na mzee wa kanisa aliyesoma majina manne kwa sauti, naye ndiye aliyenifundisha katekisimu. Nilibaki hai kwa kufulia watu nguo.

Sasa kwenye mchezo, siku ya kugawa mali, yule dada anatoka jikoni anakuta viti vyote vina watu. Nikageuka nikatazama ukumbi. Wanaume wenye suti, wasichana wa chuo, wote wameacha kucheka. Nikajiuliza kila mmoja wao anaona nyumba gani pale mbele.

Tukiteremka ngazi nikamuuliza Mwalimu, "Huyu mzungu alipata wapi habari zetu?"

"Hakuzipata. Alikuwa na zake."

Jibu hilo halikunitosha. Nikamwazima Mwalimu kitabu cha mchezo huo, nikawa nakisoma jikoni maharagwe yakichemka, kidole chini ya mstari. Kitu kikanisumbua. Yule kaka hakuandikwa kama shetani. Anampenda dada yake, analia kweli. Na ndugu yangu pia alilia, nakumbuka, alinilowesha bega. Nilikuwa nimeamua kitambo kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Yule mzungu marehemu akaniharibia hata hilo.

Halafu mwisho. Dada anakosa kiti, anarudi jikoni kuosha sahani. Hasemi neno.

"Mwalimu, kwa nini hakumpa hata neno moja?"

"Wewe ungesema nini?"

Nikarudi kwa maharagwe yangu.

Mwezi uliofuata mama yangu akafariki. Alikuwa anakaa kwa ndugu yangu, na kumwona ilikuwa kwa ruhusa. Ndugu yangu akapiga simu. "Dada, pole. Utashughulikia jikoni, sivyo?"

"Kijitabu kina majina mangapi?"

"Bado kiko kwa mchapaji."

Nilijua nikikosa mchanga wa mama, mimi si mtoto wa mtu tena. Siku ya mazishi niliwasha moto kama nilivyoagizwa, nikabandika wali. Nyimbo za kaburini zilipoanza, nikaacha mwiko, nikaenda na aproni yangu kiunoni. Ndugu yangu akanisogelea sikioni. "Chakula kitaungua."

"Kiungue."

"Watu wanaangalia, dada."

"Ndiyo nataka waangalie."

Shangazi akasukuma watu kwa mkongojo. "Mpisheni huyu! Nani kati yenu alikuwepo akizaliwa? Mimi nilikuwepo!" Nikainama, nikachota mchanga, nikaurusha. Chifu, yule yule, akatazama viatu vyake.

Wali uliungua mpaka harufu ikafika barabarani. Walikula hivyo hivyo. Chifu alikula sahani moja.

Kijitabu cha mama nacho kilikuwa kimetoka na majina manne. Chumba sijarudishiwa, ila sasa naenda kwa chifu kuulizia, na shangazi amesema nikiitwa atakuja na mkongojo wake. Ndugu yangu hajapiga simu tena.

Kitabu nilirudisha kwenye rafu ya Mwalimu. Kila nikipangusa vumbi nasimama pale kidogo. Ningempata mwandishi mwenyewe, nisingemuuliza mambo ya shule. Ningemuuliza tu: siku ya msiba kwenu, ni nani alikuwa jikoni?