Plasmidi na Chungu cha Maharage

Katika mtihani wa mdomo pale Butembo, kila mwanafunzi huchota kikaratasi kwenye kofia ya profesa. Mimi nilikuwa deuxième session, yaani nafasi ya mwisho. Nikianguka, narudi Beni kuanika kakao na mama. Nikachota, nikasoma: jinsi ARN pinzani inavyozuia plasmidi kujinakili.

Nilianza vizuri, nakiri mwenyewe. Plasmidi ni duara dogo la ADN, uzi wa urithi, linaloishi ndani ya bakteria. Likitaka kujinakili, hutoa kwanza ARN ndefu, nakala ya muda ya kipande cha uzi huo, ya kuanzishia kazi. Lakini hutoa pia ARN fupi inayolingana na ile ndefu kinyume chake. Ikiishika, kazi haianzi. Plasmidi zikizidi, ARN fupi nazo huzidi, na kunakili hupungua.

Profesa alikuwa akimenya karanga. "Très bien. Sasa, hiyo ARN fupi inaharibika mbio sana. Juu ya nini? Kama ingekuwa inadumu, ingekuwa mbaya wapi?"

Kurasa zote nilikuwa nimezikariri, na hilo halikuwamo. Nikaanza kucheka kwa woga, kwa sababu kitu pekee kilichonijia kichwani ni jiko letu la Beni.

Nikamweleza hivyo hivyo. Kwetu tuko wanawake watano na chungu kimoja cha maharage, na kila anayepita hutaka kutia chumvi. Basi desturi ni kwamba aliyetia hupaza sauti: "Nimeisha tia!" Siku moja mke wa kaka yangu, mvivu wa kupiga kelele, akaandika ukutani kwa makaa: CHUMVI IKO. Kesho yake chungu kilikuwa na maharage mapya, maandishi yale yale. Kila aliyekuja na chumvi mkononi alisoma, akageuka. Tulikula maharage yasiyo na chumvi hata chembe, baba akanuna mpaka jioni.

"Donc, Prof, ARN yenye kudumu ni ile ya ukutani. Bakteria inajigawanya, plasmidi zinabakia kidogo, mais kizuizi iko tu pale. Hazijikopi tena. Mwisho zinapotea zote. Inafaa ikuwe sauti, iishe mbio."

Profesa alicheka hadi karanga zikampalia. "Umepita," akasema akifuta macho. "Mais, umwambie muke ya kaka yako afute ule ukuta."

Nje nikampigia mama simu. Nilitaka kumwambia, machozi yakanitangulia, naye akadhani nimeanguka.

"Usilie, mutoto yangu. Rudia tu nyumbani. Kakao iko, na siye tuko. Upite, uanguke, uko wangu."

Habari njema ilikuwa mdomoni kabisa. Nikaimeza kwanza, ili aendelee kusema hivyo.