Mama Mkwe Atalala Wapi?

Kuna Krismasi moja, mwanangu Oduor, ambayo hunirudia kila Desemba kabla hata kwaya haijaanza mazoezi. Naikumbuka kwa harufu, harufu ya ng'ombe kwenye pikapu iliyolowa mvua. Sijawahi kukusimulia, na baba yako, Mungu amlaze pema, hakupenda itajwe hapa nyumbani. Leo nitakusimulia. Wewe kaa hapo, kunywa chai yako, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza.

Jumapili ulinipigia ukanieleza safari yenu. Mtatoka Nairobi mteremke Mombasa, halafu mfuate pwani mpaka Malindi, wewe na Atieno na watoto, na mama yake Atieno pia, kwa kuwa tangu mzee wake aondoke amekuwa mtu wa kukaa peke yake tu. Leo umekuja huku Oyugis kumchukua. Ni jambo jema sana, na mimi nilifurahi. Nikakuuliza kitu kimoja tu, mama mkwe wako atalala wapi, nawe ukacheka. Ukasema, "Mama, Mombasa haikosi vitanda. Tukikosa vyumba tutachukua kimoja kikubwa, tujibane." Yawa! Mjibane na nani? Na mama aliyemzaa mke wako?

Kicheko hicho nakijua. Alikuwa nacho mjomba wako Ogutu alipokuwa kijana, miaka ile ya sitini, Uhuru bado mbichi na kila kijana akiona mambo ya wazee yamekwisha kwa kuwa bendera imebadilishwa. Ogutu alikuwa ndugu yangu wa pekee. Alikuwa akiendesha pikapu ya tajiri mmoja wa ng'ombe kule Ogwedhi, kwetu nilikozaliwa, karibu na Wamasai. Mimi nilikuwa nimeolewa Homa Bay. Baba yako alifanya kazi katika kiwanda cha pamba, na tulipewa nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja chenye pazia katikati, huku kitanda, huku jiko na viti viwili. Dada yako mkubwa, Awuor, alikuwa amezaliwa mwaka huo.

Mama yangu alikuwa mjane. Awuor alikuwa mjukuu wake wa kwanza na alikuwa hajamtia machoni. Ziwa pia hakuwa ameliona kwa macho yake, maana alikuwa mtu wa ng'ombe na mtama. Alikuwa akiwacheka watu wa ziwani, ati wananuka samaki mpaka ndani ya Biblia zao. Lakini usidanganyike, alitamani sana kuliona. Kila mtu aliyetoka huku alimuuliza maji yanaishia wapi.

Basi Ogutu akapanga safari. Tajiri wake alimwachia pikapu siku za Krismasi, naye akaona atamchukua Mama, wapite Migori, wafike Homa Bay amwone mtoto, kisha wafuate barabara ya ufukweni mpaka Kendu Bay, Mama ale samaki kando ya maji siku ya Krismasi yenyewe. Alitia mafuta, akabadilisha gurudumu, akashonesha shati jipya. Neno la kulala hakulituma kwangu wala kwa mtu mwingine. Alitaka kunishtua kwa furaha.

Na kweli nilishtuka. Nilikuwa nje nafua nepi za Awuor, mkesha wa Krismasi, jua limeanza kulegea, nikasikia honi. Nilipomwona Mama kwenye kile kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani na kibuyu cha samli mapajani, nilipiga kelele majirani wakatoka. Nilimkimbilia na mikono ya sabuni. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa, na baba yako hayupo, kwa hiyo naweza kusema hivyo.

Sasa sikiliza, maana wewe umekulia Nairobi na mambo haya unayasikia nusu nusu. Kwetu mama halali kwa binti yake aliyeolewa. Anakuja mchana, anakaribishwa, anakula, anarudi. Nyumba anayolala mkwe wake, yeye hawezi kulaza mwili wake humo. Ni heshima, na ni hofu pia, kwa sababu heshima hiyo ikivunjwa watu husema chira imeingia, ile laana inayokondesha watoto bila ugonjwa. Mama alikuwa amebatizwa na nyimbo zote za kanisani alizijua kwa moyo, lakini hapo hakuna mchungaji ambaye angemsogeza. Na Ogutu alijua. Alijua vizuri kama ninavyojua mimi, ila alijiambia kwamba siku ikifika mambo yatajipanga yenyewe.

Baba yako aliporudi kazini alimsalimia Mama kwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa, halafu akatoka ili Mama ale kwa nafasi. Mama alikula. Alimpakata Awuor pale karibu na mlango, akamkagua vidole, masikio, akasema pua ni ya kwao Ogwedhi na tusimdanganye. Tulicheka sana. Huo ndio wakati mzuri tulioupata, na ulikuwa mfupi.

Jua lilipokaribia kuzama, Mama akanirudishia mtoto, akatoka nje, akasimama kando ya pikapu. Ogutu akaelewa, akaenda mjini kutafuta chumba.

Ungeiona Homa Bay siku ile! Watu wametoka Kampala, wametoka Nairobi, wametoka kwenye majani chai Kericho, wote wanarudi nyumbani Krismasi, na wale wa visiwani wameachwa na meli wanasubiri kesho. Kila baraza la duka lina mama na sanduku na kuku aliyefungwa miguu. Nyumba za wageni zilikuwa chache, na zote zimejaa mpaka kwenye ujia. Mwenye nyumba mmoja alimcheka Ogutu waziwazi. "Krismasi, ndugu yangu? Hapa watu wameshika vyumba tangu mwezi jana." Akaenda shule ya kanisa, madarasa yamejaa kwaya za wageni. Alirudi kwangu shati lile jipya limegandamana mgongoni, maana mvua ilikuwa imeanza.

Kulikuwa na jirani yetu, mjane mzee wa kanisa, tukimwita Dani Salome, yaani Bibi Salome. Pale kwetu kila mtu alijua kwamba mama mkwe akija, analala kwa Dani Salome. Alikuwa na kitanda cha ziada na godoro safi, na alipenda wageni. Nilimkimbilia. Akafungua mlango kidogo, nikaona ndani watu wamelala chini kama magunia, akina mama wa visiwani na watoto wao. Alikuwa amewaokota barazani saa ile ile mvua ilipoanza. Akajifunika gunia kichwani, akanifuata mpaka kwenye pikapu, akamsimamisha Ogutu mbele yake.

"Kijana, uliangalia mafuta?"

"Ndiyo, Dani."

"Magurudumu?"

"Niliangalia."

"Na mama yako hukumwangalia. Ungempa dereva wa basi neno moja tu, aniambie kwamba mama anakuja, kitanda changu kingemngoja. Sasa nimtoe nani? Nimtoe yule mwenye mtoto mchanga?"

Alikuwa anagomba huku analia, yule mama mzee. Ogutu alisimama tu anaangalia viatu vyake. Mama yangu, kutoka ndani ya pikapu, akasema kwa upole wasitoe mtu yeyote kwa ajili yake.

Baba yako alifanya alichoweza. Alichukua blanketi moja, akaniambia yeye ataenda kulala kiwandani na mlinzi, juu ya magunia ya pamba, ili Mama aingie ndani. Nilikwenda kumwambia Mama kupitia dirisha la gari. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie mkwe wangu asante, Mungu ambariki. Lakini hata akilala Kampala, kitanda hicho ni chake."

Basi baba yako akaenda kiwandani, na Mama akabaki kwenye pikapu ya ng'ombe. Ogutu alijikunyata nyuma chini ya turubai. Nilimpelekea Mama chai na blanketi langu, nikataka kukaa naye, lakini Awuor alikuwa analia ndani na Mama akanifukuza. "Nyathina, mwanangu, rudi kwa mtoto. Mimi niko sawa." Hakuwa sawa. Alikuwa na kifua tangu zamani, nami nilimsikia akikohoa kila mvua ilipopungua juu ya mabati. Kitanda changu kilikuwa na nafasi, na mama yangu alikuwa nje ya mlango wangu. Niliumia, mwanangu. Nimezika mume, nimezika na ndugu, lakini maumivu yale bado nayajua yanapokaa.

Asubuhi kengele ya kanisa ikalia. Watu wakaanza kupita na nguo zao za Krismasi, wakamkuta mama mzima anakunja blanketi ndani ya gari lenye mavi ya ng'ombe. Walimsalimia kwa adabu na kugeuza macho haraka, na hilo ndilo lililomvunja. Ningeona nafuu wangemcheka. Ziwa lilikuwa likionekana vizuri kabisa kutoka nyuma ya nyumba yetu, na jana yake Mama hakuwa amefika huko kwa ajili ya mtoto, lakini asubuhi hiyo ukungu na manyunyu vilikuwa vimelifunika, hata mti wa jirani ulionekana kwa shida. Ogutu akasema waende Kendu Bay kama walivyopanga, jua litatoka. Mama akasema, "Nirudishe nyumbani. Ziwa nimeshaliona." Alikuwa hajaona kitu. Alinipa kibuyu cha samli, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Awuor, akakiacha hapo kwa muda mrefu, halafu akaingia kwenye gari na kuangalia mbele.

Hakurudi tena. Nilimwalika, nikatuma watu, nikamwambia Dani Salome amemwekea kitanda, naye akajibu kila mara kwamba mtama hauna mtu wa kuulinda. Mvua kubwa za mwaka uliofuata zilipoanza, kifua kikamzidi, akafariki. Sisemi ni usiku ule uliomuua. Wengine walisema, mimi sisemi, kwa sababu ugonjwa alikuwa nao na Mungu ndiye anayejua. Ninachosema ni kwamba mama yangu alifunga safari kuja kuona furaha yangu, na akarudi na aibu ambayo hakuistahili.

Siku tuliyomzika, Ogutu aliniita kando ya boma la ng'ombe. Akaniambia kwamba siku ile wanaondoka Ogwedhi, hata kabla hajawasha gari, Mama alimuuliza, "Tutalala wapi?" Naye akacheka. Akamwambia, "Mama, wewe binti yako ana nyumba, na mji mzima una vitanda." Mama hakuuliza tena. Ogutu aliponiambia hivyo, akakaa chini kwenye vumbi na suti yake ya mazishi. Nyinyi watoto mlikuwa mkimcheka mjomba wenu, ati mzee gani huyu anapiga simu na kupiga tena kuuliza atalala chumba kipi. Sasa mnajua alikuwa anaogopa nini.

Kwa hiyo nakuambia hivi, mwanangu, na uwaambie na wenzako wanaopenda kusafiri wakati dunia yote iko barabarani. Anza na kitanda, mafuta yatafuata. Na usihesabu vitanda kama mtu anayehesabu viti vya harusi, uliza ni kitanda cha nani, na nani anaweza kulala hapo bila kujishusha. Mzee ukimbeba, umebeba na heshima yake, na heshima hailali popote tu. Akikuuliza swali dogo, usicheke. Hatakuuliza mara ya pili, kwa sababu kurudia ni kama kukuambia hana imani nawe, na wazee hawapendi kuwaumiza watoto.

Unaona hilo ni neno la zamani? Basi ngoja. Jana jioni mama yake Atieno alipita hapa. Alikuja ati kuomba chumvi, na duka liko mlangoni kwake. Alikaa, akawasifu kuku wangu, akauliza habari za mguu wangu. Ameshonesha gauni la safari, la bluu, alinionyesha kipande cha kitambaa. Aliposimama kuondoka, ameshafika pale mlangoni, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Oduor, tutalala wapi?"

Hawezi kukuuliza wewe. Wewe ni mkwe wake. Nikamwambia tu utakuja leo.

Sasa toa hiyo simu mfukoni. Mtafutie mama huyo chumba chake, chenye mlango wake na ufunguo wake, kila mji mtakaolala, na kama pwani imeshajaa, ngojeni Januari, bahari haitahama. Mungu awatangulie njiani, awafungulie mlango kila jua linapozama, na mama huyo aamke asubuhi amepumzika, aione bahari yake ikiwa wazi. Mimi nakubariki, na baba yako aliyelala juu ya magunia anakubariki. Haya, piga. Piga hapa hapa, nikisikia.