Foleni ya Viatu

Wiki iliyopita nilikuwa Gitega, kwenye ofisi moja ambako watu husubiri karatasi zao dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, lakini haikuwa na mtu hata mmoja: sandali, vikapu, mawe, kila kimoja kikimshikia mtu nafasi. Ua ulikuwa umemwagwa saruji mpya, na kufikia saa sita iliwaka kama kikaango. Wenye vitu hivyo walikuwa wamekaa ng'ambo, chini ya miti ya kibustani kilichosalia, nyasi zikiwapoza miguu.

Karani akachungulia. "Nahudumia watu, sihudumii viatu."

"Ile sandali nyekundu ndiyo mi, shefu," akajibu mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, bila kuinuka. "Na ile jiwe ni huyu mzee wa Muyinga."

Mzee akainua mkono, akalikubali jiwe lake.

"Haya, sandali, kuja," karani akasema.

Mama akavuka saruji miguu mitupu, kwa ncha za vidole, akirukaruka mpaka dirishani. Bustani nzima ikacheka. Karani hakucheka.

"Hii miti tutaikata. Pale tutaweka magari."

Mama akavaa sandali zake polepole. "Sawa, shefu. Lakini we vua viatu kwanza, ndiyo uende kuikata."

Karani akatazama viatu vyake, akatazama saruji, akagonga muhuri.

Tunaambiwa mambo ya miti kupoza miji ni ya wataalamu. Mimi naomba tu wanaopanga miji yetu, Gitega na hata kwetu Muyinga, wafanye mkutano mmoja juu ya saruji ile, saa sita mchana. Viatu waviache kwenye foleni.