Application ya Mama Furaha imeuzisha fromage yote, na haijafunguka

Leo application yangu imeshinda bila kufunguka. Musicheke kwanza.

Mama Furaha wa hapa Burungu anauzisha fromage, ile jibini ya maziwa. Mambo ya ordinateur, kompyuta, hajue. Nikamutengenezea application yote kwa Kihunde, luga yetu, juu zile za makampuni makubwa haziijuage.

Leo njo ilikuwa siku ya lancement, kuizindua mbele ya wateja.

Lakini kijijini réseau ya simu hakuna. Tukapanda wote ku kilima kuitafuta, ye na wateja wake. Alibeba na kitunga, eti fromage ipigwe foto.

Kule juu, application inazunguka. Inazunguka. 😩

Mama Furaha akachoka: "Banduku, ndugu zangu, si muko hapa? Mununue!"

Fromage ikaisha yote. Application ingali inazunguka.

Ananiuliza sasa: "Kaka, lancement ya kesho ni saa ngapi?"

Ninyi wenye réseau, namujibu nini?