Simu Iliyomtaja Baba Mkwe

Mimi sina utulivu, tuanzie hapo. Nguo ikikauka nusu nimeshaianua. Ugali haujaiva nimeshaupakua. Marehemu mama yangu alikuwa akiniangalia nikizungukazunguka uani, anauliza, "Wewe unakimbizwa na nani?"

Basi na kazi niliyoipata ni ya watu wa namna yangu. Natengeneza programu za simu. Ili programu zangu zisife siku mfumo mpya wa simu unapotoka, inabidi niujaribu mfumo huo kabla haujatolewa kwa watu. Simu yako wewe inapokea mfumo ulioiva. Yangu inapokea ulio bado jikoni, na mara nyingi una mawe kama maharage ya kupima gizani. Kazi ni kuyauma hayo mawe, kisha kuwaandikia wenye mfumo: jiwe liko hapa, litoeni.

Kazi hiyo naifanyia Mbulu mjini, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, blanketi nimelifunga kiunoni kwa sababu ya baridi. Wenzangu wenye akili wana simu ya pili ya majaribio. Na mimi nilikuwa nayo, ikafa, nikaona ya nini kusubiri nyingine, nikawa naweka matoleo mabichi kwenye simu hii hii ninayopigia watu. Nimeona mambo jamani! Kuna toleo lililozima kengele zote za asubuhi bila kuaga. Kuna lililogeuza kioo juu chini, nikawa nasoma meseji nimepinda shingo sokoni, watu wananipa pole. Kuna lililoikataza kabisa simu kuwa simu, haipigi wala haipokei, mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango akidhani nimekufa. Na bado toleo jipya likitokea, mkono wangu unaliweka kabla kichwa hakijauliza. Ni kiherehere tu, sina jina jingine.

Mwaka huu kiherehere kilizidi kwa sababu nilikuwa na mimba ya kwanza, na mama sina. Wanawake wa mtaani kwangu wote wana mama wa kuwajia wakijifungua, wa kuwapikia uji na kuwaonyesha mtoto anashikwaje. Mimi nilikuwa na mama mkwe tu. Nilimtaka aje. Nilimtaka kiasi kwamba nilikuwa nafua mashuka ya kitanda chake kabla hajaambiwa kitu.

Tatizo mama mkwe wangu hakuwahi kulala Mbulu hata siku moja. Yeye ni Mbarbaig wa Gehandu, kule Hanang, mama wa boma na ng'ombe. Mimi ni Mwiraqw wa kompyuta. Hakuwahi kunitukana, la hasha, ila alikuwa ananitazama kama mgeni aliyepitiliza siku za kuondoka. Mume wangu, ambaye ni daktari wa mifugo, alimpelekea ombi langu. Akarudi na jibu fupi: "Anasema uje mwenyewe uombe."

Sasa lazima nieleze jambo moja. Ukiolewa kwao, jina la baba mkwe wako hulitaji. Hulitaji la baba yake wala la wazee walio nyuma yake. Hata neno la kawaida linalofanana nalo unaliruka, unazunguka, unatafuta lingine. Ndiyo heshima yenyewe. Mimi mwenye mdomo huu usiofungwa na kufuli nilijifunza, na tangu niolewe sikuteleza hata mara moja. Ndicho kitu pekee pale boma nilichojua nakifanya vizuri kama wao. Hata kwenye simu nilimwandika baba mkwe "Mzee wa Boma", nikaishia hapo.

Siku ya safari, mume wangu yuko nje anapiga honi ya pikapu ya kuazima, toleo jipya likaingia. Sikuweza kuliacha. Nikaliweka huku nafunga viatu. Ndani yake kulikuwa na kitu kipya: mtu akikupigia, simu inasema kwa sauti ni nani anapiga, na inasema kwa Kiswahili. Wenye mfumo walikuwa wametuomba sisi wajaribu wa Kiswahili tusikilize kama matamshi yamekaa sawa. Nikafungua sauti mpaka mwisho ili nisikie vizuri kwenye upepo wa Hanang. Mfanyakazi hodari, unaona.

Mume wangu alinishusha Gehandu, akaendelea na safari yake Balangdalalu kuchanja ng'ombe. Baba mkwe alikuwa mnadani Katesh. Ndani ya nyumba tulikuwa wanawake watatu: mimi, mama mkwe, na mke wa shemeji yangu aliyekuwa ananyonyesha. Nilisalimia shikamoo, nikapewa maziwa, nikakaa juu ya ngozi na tumbo langu. Nikaanza kuomba, na nilikuwa nimejipanga kweli, nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima. Mama mkwe alikuwa anashona shanga kwenye ngozi, haniangalii. Nilipomaliza akatunga shanga nyingine mbili. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Huko Mbulu, mimi nalala wapi?"

Weee! Mtu hakuulizi atalala wapi kama haji. Nikafungua mdomo nimweleze juu ya mashuka, na hapohapo simu ikasema.

Ilisema, "Unapigiwa na," kisha ikataja jina la baba mkwe wangu. Haikusema Mzee wa Boma. Ilitaja jina lake lenyewe, kisha la baba yake, kisha la babu yake, yote matatu, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Baadaye ndiyo niligundua kilichotokea. Mume wangu alipomsajilia mzee laini aliandika majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, na lile toleo likayavuta kutoka huko, likaona nililoandika mimi ni pungufu, likanisahihisha.

Nilibonyeza kupunguza sauti, haikupungua. Nilibonyeza kuzima, haikuzimika. Ikarudia, majina matatu, taratibu, kwa matamshi safi kabisa. Nikaikalia. Mimba ya miezi minane, mtu mzima, nimekalia simu, na simu inaendelea kumtaja baba mkwe kutoka chini yangu! Mtandao wa Gehandu ambao siku zote unasuasua, siku hiyo ukawa kama wa Dar.

Mwishowe ikanyamaza. Mke wa shemeji aliziba mdomo kwa kiganja, akamchukua mtoto, akatoka bila kuniangalia. Jina la kwanza lilikuwa mwiko kwangu na kwake. Lakini la pili, la baba yake huyo mzee, ni la baba mkwe wa mama mkwe wangu. Yeye ndiye hapaswi kulitaja mpaka afe, na mimi nimemletea hadi ndani kwake, limetangazwa mara mbili. Aliweka shanga chini. Akasimama, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya zizi, amenipa mgongo, anatazama mlima. Nilimfuata mpaka mlangoni. "Mama, samahani. Si mimi, ni simu." Hakugeuka.

Hakurudi ndani mpaka mume wangu aliponipitia jioni. Kumbe mzee alipiga kusema ndama wanyweshwe, maana simu ya boma ilikuwa imekwisha chaji. Hakuna aliyepokea, kwa hiyo na ndama nao walikaa na kiu kwa ajili yangu. Mume wangu alipohadithiwa alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Alienda kuzungumza na mama yake. Aliporudi alisema, "Hajasema kitu," na akawasha gari.

Nililia mpaka Dongobesh. Baada ya Dongobesh nikaacha kulia, nikakasirika, na hasira mimi ndiyo naiweza. Nikaandika ripoti mle mle garini, vidole vinaruka kwenye mashimo. Jibu lilikuja keshoye: kipengele kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Khaa! Nilichemka. Nikawaandikia upya, nikawaeleza kwamba kuna nyumba ambako jina la mkubwa halitamkwi ovyo, na kwamba mwenye simu akimwita mtu Mzee wa Boma ana sababu zake, na simu haijaolewa pale, ijiheshimu. Wakauliza kwa adabu zote: tatizo hili linawagusa watumiaji wangapi? Nikajibu, "Wawili. Mimi na mama mkwe wangu."

Niliendelea kuwasumbua hivyo kila siku. Gehandu kimya. Mume wangu akipiga simu nyumbani anaongea na baba yake, anaongea na kaka yake, mama yuko mbali na simu, mama anakamua, mama amelala. Tumbo lilikuwa limeshuka. Nilikuwa naamka naangalia simu kama kuna toleo jipya, naangalia barabara kama kuna mtu, narudi kwenye simu. Mashuka niliyafua tena.

Hatimaye walinijibu: tumekuelewa, tunakushukuru, tumerekebisha. Katika toleo lililofuata simu haitaji tena mtu yeyote. Nililiweka likiwa bado la moto, nikamwambia mume wangu atoke nje anipigie. Ikalia kawaida, ngriii, basi. Nilicheza mimi na tumbo langu jikoni. "Mpigie mama," nikamwambia, "mwambie nimeikata ulimi." Alimtumia ujumbe kupitia kwa kaka yake. Hakukuja jibu.

Lilikuja lenyewe, likiwa na miguu. Siku moja mchana natoa majivu nje, nikaona bodaboda inasimama, na mama mkwe wangu anashuka, na vazi lake la ngozi chini ya blanketi, kibuyu begani. Alikuwa amepanda basi peke yake. Stendi aliulizia nyumba ya daktari wa ng'ombe. Nilitupa beseni. Nikamwamkia, nikampokea kibuyu, nikamkalisha, nikaanza kuhangaika na chai, sukari inamwagika, kikombe kinamwagika, nasema maneno kumi kwa pumzi moja.

"Kaa chini," akasema. Nikakaa. "Ile simu iko wapi?"

Nikaikimbilia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. "Hii hapa, mama. Nimeirekebisha. Niliwaandikia wenyewe mpaka wakakubali. Haitamtaja mtu tena."

Aliishika, akaigeuza nyuma na mbele. "Haisemi tena?"

"Haisemi, mama. Kabisa."

"Hata ukiiomba?"

Nikamgeukia. Yeye aliendelea kuitazama simu.

"Yule mzee wa jina la pili ndiye alinipokea," akasema. "Nilikuwa mtoto. Nililia siku nyingi, nataka kwetu. Alinipa ng'ombe, akasema maziwa ya huyu hakuna mtu atakuuliza. Alikuwa baba kuliko baba. Tangu tumemzika, jina lake sijasikia. Sisi wanawake hatutaji, na wanaume hawataji mbele yetu. Nilisahau linavyosikika. Siku ile nilitoka nje nikae nalo kidogo, lisipotee tena."

Jamani, niliumia. Nilidhani amesimama kule nyuma ya zizi akinichukia. Nikanyakua simu, nikasema, "Ngoja mama, lile toleo la zamani linarudi, nalirudisha, ni kazi ya muda mfupi tu." Na ni kweli lingerudi, najua njia zote.

Akauweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Acha. Siku ile ilisema yenyewe. Hukujua, sikujua, hakuna mtu aliyelitaja. Ukiiambia iseme, ni wewe umelitaja."

Niliiweka simu chini. Nimesomea kazi hii, sijui kama kuna aliyenifunga hivyo kwa maneno machache. Alikunywa chai yake, akauliza kitanda kiko wapi, akaenda kukipapasa, akasema mashuka ni mengi mno.

Mtoto alizaliwa salama, ni msichana. Mama mkwe bado yuko hapa, analalamika baridi na haondoki. Anamwogesha mtoto yeye, mimi ananiambia mikono yangu ina haraka. Nimerudi kazini taratibu, na matoleo mapya yanakuja, nayaweka. Lakini simu ikilia, popote alipo, kama anamfunga mtoto nguo au anakoroga uji, mama mkwe anaacha anachofanya na kuinua kichwa. Anasubiri hivyo, midomo imefungwa, mpaka mlio ukatike. Nami huwa nachelewa kuipokea makusudi, sijui kwa nini, maana inalia tu.