Meza Moja Barazani

Mtu aliyenifundisha kazi nilimwangusha kwa sentensi moja, tena fupi. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Baba yangu alikuwa karani wa serikali Dodoma. Miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na watu wanarudishwa makwao na barua mkononi, naye alipunguzwa. Tulikuwa tunakaa Area D. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunipeleka chuo. Kitu nilichokipenda kilikuwa kimoja, kufungua vitu nione ndani. Nikawazungukia mafundi redio wa mjini. Watatu walinicheka. Mmoja wao aliniambia nikajifunze kusuka.

Wa nne alikuwa na meza kwenye baraza ya duka la vifaa vya umeme, karibu na soko. Mzee wa Kigogo, mwembamba, miwani yake imefungwa nyuma ya kichwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Shikamoo, Fundi. Nataka kujifunza redio."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Mikono yako inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Akaitazama mbele na nyuma, kama anayekagua kuku wa kununua, kisha akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.

Nilikaa kwenye benchi lile miaka sita. Alikuwa amejifunza kazi kwenye karakana ya umma ambayo wakati huo ilikuwa imeshafungwa, mlango una kufuli na nyasi zimeota mpaka kwenye kizingiti. Alinifundisha kulehemu bila kuunguza, kupima waya, na kuisikiliza redio kabla ya kuifungua. Alikuwa anaweka sikio kwenye spika, anafumba macho, halafu anataja ugonjwa. Mara nyingi alikuwa sahihi. Wateja wakileta maneno ya kijinga, kwamba mwanamke atawaharibia redio zao, alikuwa anasema, "Basi ipeleke kwa mwingine," na kuendelea na kazi yake. Hakunidai chochote. Mkewe alipoleta chakula cha mchana, kilikuwa kinatosha watu wawili.

Kisha simu zikaja.

Ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mkuu wa mradi mmoja, nene kama tofali, antena yake imechomoza. Muda si muda walimu wakawa nazo, kisha wauza vitunguu. Kampuni mbili za mitandao zilikuwa zinagombania mji. Hii ikipaka ukuta wa duka rangi yake leo, wiki ijayo ile nyingine imepaka duka la jirani rangi yake mpaka darini. Huku wanapunguza bei ya laini, kule wanagawa fulana. Simu zenyewe zilikuwa zinabadilika kabla hujazizoea: za antena, za kitochi, za kufunua, za rangi, za kamera. Aliyejivuna mwezi wa tatu alikuwa anaificha simu yake mfukoni ikifika mwezi wa saba. Na redio mpya za bei rahisi zilikuwa zimejaa sokoni. Zikiharibika, watu wanatupa. Meza yetu ikaanza kupata vumbi.

Nikaenda Dar es Salaam kwa shangazi, nikakaa miezi mitatu. Kila siku nilikwenda Kariakoo kusimama nyuma ya mafundi simu na kuiba kwa macho. Nilirudi na bloa ya kupulizia hewa ya moto, bisibisi nyembamba kama sindano, na mfuko wa simu mbovu za kutolea vipuri. Fundi alizigeuza geuza viganjani mwake.

"Hivi navyo ni viredio tu, binti," alisema. "Vinapokea, vinatuma." Akasukuma redio zake upande mmoja, akanipa nusu ya meza.

Ndani ya mwaka, watu waliokuja barazani walikuwa wananijia mimi. Wananiita dada fundi. Mzee alikuwa anakaa pembeni yangu na redio moja ya mbao isiyokuwa na haraka ya kupona. Siwezi kusema ilinisikitisha. Nilifurahi. Nilikuwa nazungumza na wateja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika ili asikie.

Siku moja mwenye duka alitoka nje, akasimama kati yetu. Kampuni moja ilikuwa imekubali kulifanya duka lake wakala, kulipaka rangi yote na kumwekea bango na mwavuli. Lakini walikuwa na masharti yao kuhusu baraza.

"Hawataki haya masanduku," alisema, akionyesha redio. "Wanataka meza moja ya fundi simu, basi. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Na mzee?" niliuliza. Niliuliza kwa sura ya huruma.

"Mzee yupo hapa kabla duka halijawa langu. Nitamfukuzaje? Akijua simu, meza ni yake. Asipojua, ni yako."

Alipoondoka, Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu. Halafu akasema neno ambalo kwa umri wake lilikuwa zito.

"Binti, nifundishe simu."

Nilikubali. Ningekataaje mbele ya watu? Nilidhani pia kwamba hataweza. Macho yake yalikuwa yamechoka, na vitu vyenyewe ni vidogo kama punje za uwele. Lakini alinunua lenzi ya fundi saa, akaibana kwenye jicho, akakaa. Siku ya tatu niliacha simu moja mezani iliyokuwa imenishinda kwa wiki nzima. Haikuwa inapokea sauti. Nilikwenda kunywa chai. Niliporudi, alikuwa anaitumia kuongea na mkewe aliyesimama kwenye kibanda cha simu cha ng'ambo ya barabara, na wote wawili wanacheka kama vijana.

"Ilikuwa waya mdogo tu," aliniambia. "Umeona? Nilikwambia ni viredio."

Nilimpongeza. Mimi nilikuwa nimesimama miezi mitatu nyuma ya migongo ya watu Kariakoo, na yeye amepata kwa siku tatu, kwa mikono ile ile. Nilianza kuhesabu siku za mwezi.

Zilikuwa zimebaki tisa alipokuja mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya alizeti, mtu mkubwa wa mwili na wa maneno, ambaye redio za nyumbani kwao zilikuwa zinatengenezwa na Fundi tangu enzi za marehemu baba yake. Simu yake ya kufunua, ya rangi, yenye kamera, ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Alinipita mimi, akamkabidhi mzee.

"Nakuamini wewe," alisema. "Narudi saa tisa."

Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza ya simu. Aliifungua taratibu, akapanga skrubu kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio zilivyotoka. Kisha akanigeukia.

"Iliyoingia maji tunaisafisha kwa kitu gani?"

Chupa ya spiriti ilikuwa kwenye droo yangu, karibu na goti langu. Nilijua kwamba saketi inatolewa, inafutwa kwa spiriti na mswaki laini, na kioo kinawekwa mbali kabisa. Chini ya meza kulikuwa na kopo la thina, la kuondolea rangi kwenye masanduku ya redio.

"Thina," nilisema. "Iloweke nzima."

"Na kioo?"

"Nzima, Fundi. Usihangaike kukitoa."

Hakusita hata kidogo. Alimimina thina kwenye bakuli, akaizamisha simu, akakaa kuisubiri mikono ikiwa magotini. Mimi niliendelea na kazi yangu. Nilikuwa nasikia harufu ile na sikugeuka.

Alipoitoa, kioo kilikuwa kimekuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Tarakimu zilikuwa zimefutika kwenye vitufe. Ganda lilikuwa limelainika, na alama ya kidole gumba chake ikabaki juu yake.

"Binti," alisema kwa sauti ndogo, "hii mbona iko hivi?"

Niliinama nikaitazama. "Umeiacha sana. Ilikuwa ya kuzamisha na kutoa. Wewe umeiacha."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia, Fundi. Labda hukusikia."

Aliitazama mikono yake.

Saa tisa yule mtu alirudi. Sitaki kuyarudia yote aliyoyasema. Alimwita kipofu, alimwita mshamba wa porini, alimuuliza mbele ya soko zima ni nani aliyemdanganya kwamba Mgogo anaweza kushika simu. Watu walikusanyika haraka, kama wanavyokusanyika watu wasiokuwa na la kufanya. Mzee alikuwa amesimama, mikono nyuma, anasema tu, "Nimekosa, mheshimiwa. Nimekosa, mheshimiwa." Yule bwana akaliona kopo la thina. Akaliokota, akalimimina lote juu ya redio zilizokuwa zimepangwa ukutani, moja baada ya nyingine, bila haraka, akihakikisha kila moja imepata. Plastiki zikaanza kulia na kujikunja. Mtu mmoja akasema, "Sasa zimeoga!" Kundi likaangua kicheko.

Nami nilicheka. Niliona Fundi ameniona nikicheka.

Kisha yule mtu akanigeukia. "Wewe dada, unaweza kuiokoa hii?"

Nilivuta droo. Ndani ya mfuko wa Kariakoo kulikuwa na simu mbovu ya aina ile ile, ganda zima, kioo kizima. Nilikuwa nayo siku zote. Nilihamisha saketi mbele ya watu wote, polepole, nikijua nipo jukwaani. Saketi yenyewe thina haikuwa imeidhuru. Simu ikawaka, ikatoa wimbo wake, na watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa amechutama, anapangusa redio za watu kwa shati lake. Alikuwa amebaki na fulana ya ndani yenye tundu begani.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake mkewe alikuja na toroli kuchukua masanduku. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akaniuliza habari za baba. Aliniambia kwamba mzee amekataa kushika hata tochi ya nyumbani. Anasema mikono yake imeisha. Mwisho wa mwezi walikuwa wamehama nyumba yao ya Ipagala kwenda upande wa bwawa la Mtera, kwa ndugu za mzee waliokuwa wavuvi, na baraza ikapakwa rangi ya kampuni. Meza mpya ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nzuri sana.

Nilifanikiwa. Lazima niliseme hilo, kwa kuwa watu wanapenda kusikia kwamba mtu kama mimi aliadhibiwa. Kutoka mezani nilihamia kwenye kibanda, kutoka kibanda nikapata duka lenye makabati ya vioo. Simu za kupangusa zilipoingia nilikuwa miongoni mwa wa kwanza mjini kuziuza. Wachina walipoleta za bei nafuu na wenye maduka makubwa wakanuna, mimi nilizibeba kwenye mabegi na kuzunguka nazo minadani. Aliyefungua duka la simu kando yangu nilimfanyia visa mpaka akafunga. Nilikuwa nimeshaona ni rahisi.

Mnada mmoja ulinifikisha Mtera. Nilikuwa nimepanga simu juu ya kanga, wavuvi wamenizunguka wananuka samaki na kubofya vioo, niliposikia mtu anasema, "Sauti hiyo naijua."

Alikuwa amezeeka kupita miaka iliyopita. Macho yote mawili yalikuwa meupe. Mjukuu wake wa kike alikuwa amemshika kiwiko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti." Alinyoosha mkono, nikaweka simu moja kiganjani mwake. Aliipapasa. "Hazina vitufe siku hizi."

"Hazina."

"Mtu kama mimi atazipigaje?" Akatabasamu, akanirudishia. Kisha akasema, kwa utaratibu wa mtu aliyelipanga swali kwa muda mrefu, "Nataka kukuuliza jambo moja, na sitakasirika. Ile thina. Ulinielekeza vibaya, au mimi niliizidisha?"

Hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Wavuvi walikuwa wanapigana picha. Ilikuwa rahisi kabisa kusema. Kama ningesema, angekwenda nyumbani akijua kwamba mikono yake haikumtupa, kwamba angeweza kuendelea miaka ile yote aliyokaa akiparua samaki.

"Uliizidisha, Fundi," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Nami nilijua," alisema. "Mke wangu ndiye anayebisha."

Akaniombea heri katika biashara. Mjukuu akamgeuza, wakaondoka taratibu kati ya vikapu vya samaki, na mimi nikamgeukia kijana aliyekuwa anauliza kama kamera ya mbele inapiga vizuri jua likiwa kali.

Alifariki msimu wa masika uliofuata. Walinitumia ujumbe. Nilikuwa nafungua tawi la pili wiki hiyo, sikwenda kuzika. Mkewe naye ameondoka mwaka huu. Nimeona sasa naweza kuandika, kwa kuwa hajabaki mtu wa kuja kuniuliza.