Vichwa Kumi na Kimoja

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa mrefu, mwembamba na mwenye ulimi mkali, kwa hiyo jina la Wembe lilimkaa kama ngozi. Kwa miaka kumi na tisa alitunyoa katika kibanda chenye kioo kimoja kilichopasuka pembeni na benchi la kungojea ambalo wengi tulilikalia bila nia yoyote ya kunyolewa. Ulipoingia ule ugonjwa, serikali ikatangaza kwamba watu wakae majumbani na biashara zote zifungwe isipokuwa za chakula na dawa. Wembe alilisoma tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa mara tatu. Katika orodha ya waliofungiwa, vinyozi walikuwa mstari wa pili, juu ya baa.

"Yaani sisi tumewatangulia walevi?" aliuliza, na sidhani kama alipata usingizi siku ile.

Mkewe alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke mfupi wa maneno machache, na kila neno lake lilikuwa na uzito wa jiwe la mizani. Watoto wao wawili aliwapeleka kwa bibi yao kabla barabara hazijafungwa. Mlangoni akaweka ndoo ya maji na sabuni, na Wembe hakuruhusiwa kuingia ndani hata akitoka kuanika shati, mpaka anawe hadi viwiko.

"Mama Watoto, nimetoka hatua nne tu."

"Virusi havijui kuhesabu hatua, Baba Watoto. Nawa."

Walibishana asubuhi na jioni. Wembe alikuwa na hoja moja aliyoipenda sana: kanuni zinakataza mkusanyiko, na kichwa kimoja si mkusanyiko. Mkewe alimjibu kwamba kichwa kimoja kina pua moja na mdomo mmoja, na hivyo viwili vinatosha. Ndipo Wembe alipoacha kubishana, na hapo ndipo mkewe alipopaswa kushtuka, maana Wembe akinyamaza ujue kuna jambo.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na stoo ya kuwekea makaa na baiskeli mbovu. Mkewe alipoingia zamu, Wembe aliitoa baiskeli, akaingiza kiti cha jikoni, akavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Habari kwamba ananyoa humo zilitufikia kwa minong'ono. Sharti lilikuwa moja: uje na spana mkononi au kipande cha bomba, ili majirani wadhani umekuja kutengeneza maji.

Mimi nilikuwa wa saba. Sikuwa na spana, nikaenda na mwiko wa kujengea. Wembe aliniangalia toka mlangoni, akafyonza.

"Wewe unakuja kutengeneza maji au kuyazibia ukuta? Ingia upesi."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimekaa wiki sita ndani na nywele zimenifunika masikio kama kofia ya baridi. Wembe alinyoa kwa mapenzi, mdomo umefungwa kwa leso, vidole vinacheza. Alinichonga mstari wa paji la uso, akanipunguza nywele za kisogoni taratibu, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Nilitoka pale nikijiona mtu.

Wa tisa alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku nne baada ya kunyolewa akaanza kukohoa, na siku ya sita akapelekwa zahanati akiwa anahema kama aliyepanda mlima. Aliyempokea ni nani? Mke wa Wembe. Akamuuliza alikotoka na aliokutana nao, na mwalimu, kwa sauti ya kukatika, akaapa kwamba hajatoka nje hata siku moja.

Nesi alimtazama kichwa. Mji mzima ulikuwa umeota nywele kama shamba lililotelekezwa, na huyu mgonjwa wake alikuwa na paji lililonyooka kama limepigwa rula.

Alimhudumia mpaka gari la hospitali kubwa likaja kumchukua, kisha akarudi mtaani mchana ule ule, akitembea polepole, akitutazama madirishani na vibarazani. Kichwa kimoja kinang'aa. Kingine kinang'aa. Kufika kona ya pili alikuwa ameona vya kutosha. Akampigia simu afisa afya.

Tulitolewa nje tukapangwa barabarani, kila mtu mita mbili kutoka kwa mwenzake, barakoa usoni. "Vueni kofia," afisa afya akasema. Tukavua. Tulikuwa kumi bila mwalimu, tumefanana kisogoni kama watoto wa baba mmoja. Wembe alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani, kama mtu aliyetoka kuota jua.

"Nani amekunyoa?" afisa akamuuliza seremala, aliyekuwa wa kwanza.

"Mke wangu, mheshimiwa. Kwa mkasi wake wa kushonea."

Mimi nilikuwa najiandaa kumsingizia mama mkwe. Lakini Nesi, aliyefuatana na afisa, alisogea, akamzunguka seremala, akainama kidogo.

"Anasema kweli huyu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kwao. "Ni kazi ya mkasi wa kushonea. Tazama hapa juu ya sikio palivyopinda."

"Pamepinda wapi?" Wembe akauliza.

"Hapa. Na kisogoni ni ngazi tupu. Mama wa watu kajitahidi, lakini si fundi."

"Ngazi! Ngazi gani?" Wembe alishuka barazani kwa hatua mbili. "Sikiliza, mheshimiwa. Mke wa huyu namjua, kukatia kitunguu tu ni tabu kwake. Kisogo kama hicho kinataka mkono wa miaka kumi na tisa! Mtaa huu mzima ni mtu mmoja tu anayeweza..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno likitoka halirudi.

Tulicheka, hata afisa afya akageuza uso pembeni. Mkewe hakucheka.

"Mwalimu yuko kwenye oksijeni," akamwambia. "Nimempeleka mimi mwenyewe garini. Na mama yake mzee yuko nyumbani peke yake, hatujui kama naye kapata. Mficha maradhi kilio humfichua, Baba Watoto. Nitajie wote, na siku zao."

Sijawahi kumwona Wembe mdogo namna ile. Akajikalisha kwenye ngazi ya baraza. Kisha, bila karatasi, akaanza kutaja: Jumatatu saa tatu asubuhi seremala, mwenye kovu utosini, baada yake muuza mkaa, nywele ngumu, akaendelea hadi Jumanne akanifikia mimi, wa saba, mwenye kisogo kilichochomoza. Hakukosea hata mmoja. Afisa aliandika mpaka mkono ukamchoka.

Tulifungiwa siku kumi na nne. Watatu kati yetu walikutwa na ugonjwa, na mama yake mwalimu akaonekana salama. Wembe alishikwa na homa siku ya tano. Alilala chumbani peke yake, na mkewe akahamia sebuleni, akimsogezea chakula mlangoni na kumpima joto kupitia dirishani. Kibaraza chetu kimepakana na dirisha lao, hivyo niliyasikia mengi.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa. Lakini ile sheria bado ina kasoro. Wangeturuhusu tunyolee nje, penye upepo."

"Meza dawa."

"Nameza. Ila kichwa kimoja si..." Kikohozi kikamkata maneno, kirefu, kibaya. Kilipoisha, nilimsikia mkewe akilia kwa siri upande wa pili wa mlango. Wembe naye alisikia. Tangu hapo alimeza dawa bila hotuba.

Alipona. Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu, kakonda, na Wembe alikwenda kusimama nje ya dirisha lake kuomba radhi. Walizungumza muda mrefu. Sikuyasikia, na kwa mara ya kwanza sikujaribu.

Vinyozi waliporuhusiwa kufungua, Wembe alitoa benchi nje na kuchora alama za kukaa kwa chokaa, mita mbili kila moja. Nesi alikuja na futi yake ya kitambaa, akapima.

"Hapa panapungua vidole vinne."

"Futi yako imevutika, Mama Watoto. Umeifua."

"Futa, uchore upya."

"Sifuti!"

Tulikuwa wateja watano. Hakuna aliyeondoka, na yule ambaye zamu yake ya kunyolewa ilikuwa imefika alimsihi jirani yake atangulie, ili asikose kusikia mabishano.